Wabaya Wadogo wa Nyumba ya Zimwi

Siku ya chai ya kuniaga, konstebo mmoja mgeni pale kituoni, binti mchangamfu ambaye bado anapiga pasi hadi mfuko wa ndani wa sare yake, aliniuliza mbele ya watu: "Afande Mariam, katika wale wabaya wadogo wa hadithi ya zimwi, wako wewe ni nani?" Watu walicheka. Swali hilo niliwauliza watoto wa Kampala kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kunigeuzia. Nilikunywa chai yangu polepole, nikasema nitawaandikia. Haya ndiyo niliyoandika. Mnisamehe kama mlitaka kitu cha kuchekesha.

Vyeo sitavieleza. Nilianza konstebo nikamaliza sajini, na katikati kulikuwa na karatasi nyingi zenye muhuri. Kituo nacho sitakitaja. Wanaokijua wanakijua, na wengine hawajakosa kitu.

Nilizaliwa kambini. Baba alikuwa polisi, Mwacholi, Mkristo wa kwaya. Mama alikuwa Mnubi, Mwislamu, mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan enzi za wakoloni. Nyumbani tulisherehekea Krismasi na Idi, na siku zote mbili palikuwa na ugomvi kuhusu nyama. Kiswahili chetu kilikuwa cha kambini, kile cha amri na matusi na kukopeshana chumvi. Hapa nimekinyoosha kidogo kwa heshima ya karatasi. Mdomoni hakikai hivi.

Hadithi ya zimwi tuliipata kwa mama zetu, kwenye baraza za nyumba za mabati. Kila kambi ina namna yake ya kuisimulia, lakini mifupa ni ileile. Zimwi linakaa juu ya Kilima Kimya. Linateremka mjini, linachukua mtoto, linamfungia. Nyumba yake ina watumishi wanne, nao hawali watu. Yuko Bawabu, anayefunga mlango nyuma ya mtoto. Yuko Mnoa-Visu, anayenoa lakini hakati. Yuko Mshika-Taa, anayesimama kando na kumulika zimwi lisijikwae. Na yuko Msema-Upepo, ambaye kazi yake ni kukaa dirishani, watu wa bondeni wakiuliza ni nani analia huko juu, yeye huwajibu, "Ni upepo tu, laleni." Tulipokuwa watoto kila mmoja alikuwa na wake. Mimi nilimpenda Bawabu, kwa sababu mama alimvika kofia yenye manyoya. Zimwi lenyewe hakuna aliyelichagua. Ungelichagua ungeonekana una wazimu.

Nilipopangiwa dawati la familia na watoto, jambo la kwanza nililogundua ni kwamba dawati la watoto halikuwa na dawati. Kilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya matairi, na harufu ya matairi haikutoka hadi nilipostaafu. Kulikuwa na viti viwili virefu, kalenda ya kampuni ya saruji, na mtoto mmoja wa kike chini ya kimoja cha viti hivyo. Alikuwa na alama shingoni. Nilivuta kiti cha pili, nikakaa, nikamuuliza kama nilivyofundishwa chuoni: "Nani alikupiga?" Akanyamaza. Nikauliza kwa Luganda. Akanyamaza. Nikauliza kwa sauti ya upole, ile sauti ya upole ambayo hata mbwa haiamini. Akajikunja zaidi.

Hapo ndipo aliingia Koplo Rajabu na chai yake. Alikuwa Mnubi, mzee kwa viwango vya polisi, mwembamba, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko bunduki. Hakunisalimu.

"Toa hiyo kofia," aliniambia. "Mutoto anaona kofia, haoni wewe. Na shuka chini. Wewe unakaa juu kama jaji."

Alikaa sakafuni, akanyoosha miguu yake mirefu, akaanza kulisimulia zimwi la Kilima Kimya kama anayezungumza na kikombe chake. Hakumtazama mtoto hata kidogo. Alipofika kwa watumishi wanne alisimama, akanywa chai, akauliza, "Sasa, kati ya hawa wabaya wadogo, wewe unapenda gani?"

Rajabu akapuliza chai yake. Halafu sauti ikatoka chini ya kiti: "Ule wa taa."

"Kwa nini wa taa?"

"Yeye anasimama tu. Analia kidogokidogo."

Rajabu aliinuka, akanivuta nje. "Kwao kuna mutu anasimama," alisema. "Tafuta huyo. Zimwi wachana naye kwanza. Mutoto hawezi kutaja zimwi, juu zimwi linasikia. Lakini hawa wadogo anaweza kusema, juu anawapenda."

Huyo aliyesimama alikuwa mke mkubwa wa baba yake mtoto. Umeme wao ulikuwa umekatwa, na mumewe alipompiga mtoto, yeye aliamriwa amulike kwa simu. Nilipomkuta alikuwa anafua. Nilimuuliza kuhusu ile simu tu, na mikono yake ikasimama ndani ya povu. Alisema yote, pale pale, huku maji yakipoa. Mahakamani alisema tena bila kukosea neno, na mumewe alifungwa. Hiyo ndiyo iliyonidanganya. Kazi ya kwanza ikikunyookea unadhani umepata ufunguo.

Basi huo ukawa utaratibu wetu, mimi na Rajabu, na naueleza kwa ajili yenu mliobaki. Kaa chini kuliko mtoto. Biskuti mpe baada, usimpe kabla, la sivyo wakili atasema umenunua maneno. Usiulize nani, uliza wapi, uliza kulikuwa na harufu gani. Simulia, usitazame. Akichagua mbaya wake, muulize kwa nini, halafu nyamaza, hata kama mkuu wa kituo anagonga mlango. Mtoto akiongeza kitu ambacho hakimo katika hadithi, usimsahihishe: hicho kilichoongezwa kimetoka kwao.

Na kumbukeni hadithi si ushahidi. Kulikuwa na mtoto wa Kyebando aliyemchagua Mnoa-Visu, tena kwa furaha kubwa, akatuonyesha kwa mikono jinsi anavyonoa. Tulikwenda kwao mbio na gari. Tukamkuta baba yake uani na baiskeli yake ya kunolea visu, riziki yake ya halali, amezungukwa na akina mama wenye visu vya jikoni. Michubuko ya mtoto ilikuwa ya kuanguka mtini. Baba yule alitunolea kisu cha kantini bure, na Rajabu hakulitaja jambo lile tena maisha yake yote.

Lakini mara nyingi ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonizeesha. Kila nyumba niliyoingia ilikuwa na zimwi moja tu. Wadogo walikuwa wengi. Shangazi aliyefunga mlango. Kaka aliyetumwa kuleta fimbo akaleta. Mwenye nyumba aliyesikia kupitia ukuta na kuongeza sauti ya televisheni. Wale wadogo ndio waliokuwa mashahidi wangu. Sikuwa na wengine. Niliwabembeleza, niliwatisha, niliwapeleka kwa mapadri na mashehe. Walio wengi walitazama sakafu. Mwaka baada ya mwaka nilizoea kuona utosi wa vichwa vya watu wazima.

Sanyu aliletwa na Maama Jovia, jirani yao, muuza mihogo ya kukaanga wa Kamwokya. Maama Jovia alikuwa mama mnene, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani. Aliingia na mtoto mkono mmoja na karai mkono mwingine, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia karai.

"Afande, mimi nimechoka," alisema. "Mutoto analia kila siku. Nikiuliza, jajja yake anasema ni ledio. Ledio gani inalia 'nisamehe'?"

Sanyu alikuwa na umri wa darasa la pili, mdogo kwa mwili, amesukwa nywele vizuri sana. Nililiona hilo kwanza, zile nywele. Mtu alikuwa amekaa naye muda mrefu kuzisuka. Kiganja chake cha kulia kilifungwa kwa kitambaa safi. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake, Mkongomani, naye alifariki baadaye, akamwachia mtoto Kiswahili cha kwao na hakuna kingine. Alikaa na baba yake mdogo, Lubega, muuza vipuri vya pikipiki, na jajja, yaani bibi yake, mama mzazi wa Lubega. Watatu katika muzigo mmoja, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia.

Nilikaa sakafuni. Nikasimulia. Alisikiliza vizuri, akacheka kwenye kofia ya manyoya. Nilipouliza, hakusitasita.

"Minapenda ule wa kusema upepo."

"Kwa nini?"

"Juu ananifungaka kidonda. Na ananiimbiaka."

Katika hadithi yangu Msema-Upepo hafungi kidonda cha mtu, wala haimbi. Nilinyamaza, kama nilivyofundishwa. Aliendelea mwenyewe, akiangalia kile kitambaa. "Anasemaka pole. Anasemaka usilie na nguvu, watu watasikia."

Daktari alikifungua kidonda. Kilikuwa cha moto. Alisema mtu akianguka kwenye sigiri, jiko la makaa, hujishika kwa mikono miwili na kuungua ovyo. Huu ulikuwa mkono mmoja, na ulikuwa umeshikiliwa juu ya makaa. Alisema pia kwamba mtu aliyekisafisha alikuwa ameokoa vidole vyote.

Nilikwenda Kamwokya bila sare. Jajja alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya mlango, anamenya matooke, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kifua kibovu. Nilimsalimu kwa kupiga magoti kama inavyostahili kwa watu wao, naye akaniitikia salamu zote, ndefu, hadi za wanyama ambao hakuna kati yetu aliyekuwa nao. Tulizungumza kwa Luganda. Nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Wewe ni polisi," alisema alipomaliza salamu.

"Ndiyo, jajja."

"Mtoto alianguka."

"Daktari anasema hakuanguka."

Aliendelea kumenya. "Yule ni mwanangu wa mwisho," alisema. "Wengine wote nimewazika. Dawa za kifua changu ananunua yeye. Chumba hiki analipia yeye. Mtoto huyo hakumzaa, lakini anamlisha. Akiwa hajakasirika ni mtu mzuri, uliza yeyote."

"Na akikasirika?"

Kisu kilisimama. "Afande, nikisema, anakwenda jela. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anakuja. Mimi na mtoto tunakwenda wapi? Kwako?"

Aliuliza kweli, bila kejeli, alitaka kujua. Nilikuwa na vyumba viwili kule Kyebando, watoto wangu watatu, na mdogo wangu ambaye hakuwa na kazi. Nilisema serikali ina mahali pa watoto. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyopokea habari za mvua ya nchi ya mbali.

Nilirudi. Nikarudi tena. Nilimpelekea dawa ya kifua, nikakaa naye, nikamenya. Lubega alikuwa mahabusu wakati huo kwa ripoti ya daktari, na Sanyu alicheza nje na wenziwe, mkono wake ukiwa umefungwa, akirusha jiwe kwa mguu. Siku moja jajja alimtazama mchezoni muda mrefu, halafu akasema bila kunigeukia, "Analala usiku mzima siku hizi. Nilikuwa sijui kama anaweza." Tulifika mwisho wa fungu la ndizi ndipo akaongeza, "Nitasema. Lakini nije nichukuliwe na wewe. Gari la polisi sipandi."

Siku ya kesi nilimchukua kwa bodaboda mbili, yeye mbele, mimi nyuma. Alivaa gomesi, gauni la heshima la kwao, ya rangi ya zabibu ambayo nadhani aliitunza kwa maziko yake. Mahakamani alikula kiapo kwa sauti ya kusikika. Mwendesha mashtaka, kijana mwangalifu niliyempenda, alimuuliza swali tulilokubaliana.

Lubega alikuwa kizimbani. Hakumtisha. Angemtisha ningejua la kufanya. Ningesimama, ningelalamika, kuna taratibu zake. Alimwangalia mama yake jinsi mtoto aliyepotea sokoni anavyomwangalia mama anayemwona kwa mbali, na macho yake yakajaa machozi. Jajja aligeuka akamtazama hakimu.

"Mtoto alianguka kwenye sigiri," alisema. "Mimi nilikuwa nimewasha redio."

Hakimu alimuuliza mara ya pili, na kwa upole. Jibu likawa lilelile. Mtoto mwenyewe, alipoulizwa katika chumba cha pembeni, alizungumza juu ya upepo na taa, na wakili wa Lubega aliomba, kwa heshima zote, hadithi za kale zisiandikwe katika kumbukumbu. Kesi ilikufa kabla ya saa ya chakula. Makao ya watoto yalikuwa yamejaa, hata sakafu. Ndugu wa damu ana haki ya mtoto. Waliondoka watatu pamoja. Jajja alipita mbele yangu bila kuinua uso, na nikauona utosi wake nao.

Jioni ile nilikwenda kwa Rajabu, ambaye alikuwa amestaafu na anaumwa figo. Alikuwa amelala, masharubu yamenyolewa na mtu asiyejua thamani yake. Nilimweleza yote. Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Ile hadithi inafungua mdomo ya mutoto," alisema. "Mukubwa hakuna hadithi yake."

Nilimuuliza tunafanyaje basi. Alisema hajui, angejua, asingekunywa chai nyingi vile. Alifariki kabla ya mvua za mwaka ule, na mimi niliyejifunza kwake nikabaki na swali moja tu la kazi na mikono mitupu.

Sanyu nilikuwa naye bado, kwa namna. Mwalimu wake mkuu alikuwa mtu mwelewa, akaniruhusu nipite shuleni nikijifanya nakagua usalama barabarani. Tulikaa kwenye ngazi za maktaba wakati wa uji. Nilitazama mikono yake, shingo yake, miguu yake. Kwa muda hapakuwa na kitu. Nikaanza, taratibu, kuwa na matumaini, jambo ambalo siwashauri.

Siku moja alikuwa na uvimbe nyuma ya sikio. Nilimuuliza. Alisema alianguka, alilisema kwa wepesi, kama mtu mzima. Nikaandika, nikajua pa kuyapeleka niliyoandika, na nikajua yatakapoishia. Akamaliza uji wake, akafuta mdomo.

"Afande, ile hadithi inaishaka namna gani?"

Sikuwahi kuimalizia. Tulikuwa tunakatisha kwenye watumishi, kwa sababu kazi yetu iliishia hapo. Nilimwambia mwisho wake jinsi mama alivyotusimulia: kwamba siku moja askari wa mfalme walipanda kilima, wakavunja mlango, wakamtoa mtoto nje kwenye jua.

"Askari ya mfalme ni nani?"

"Ni sisi," nilisema. "Mimi na wenzangu."

Alifikiri. Hakuwa na lawama usoni. Alikuwa anapanga mambo tu, kama anayehesabu viti.

"Lakini nyinyi mulishakuja," alisema.

Kengele ikalia, akaenda darasani. Nilikaa pale ngazini hadi wapishi walipoanza kuosha sufuria, na mmoja akaniuliza kama naumwa.

Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa tupu. Nilikwenda Kamwokya. Maama Jovia alinikuta njiani, amefunga kitambaa kichwani kwa mkao wa msiba. Lubega alikuwa ameuza kibanda cha vipuri, amefunga mizigo alfajiri, ameondoka na mtoto. Wapi, hakuna aliyejua. Wengine walisema Juba, wengine Bunia, wengine walisema Luzira tu, karibu na ziwa, amepata kazi ya mashua za mizigo. Nilizunguka Luzira nyumba kwa nyumba. Nilizungumza na madereva wa mabasi ya mpakani, na wenzetu wa mipakani nikawatumia picha ya shule, ile ambayo amefumba jicho moja kwa jua. Mkuu wangu wa wakati huo aliniambia, bila ubaya, kwamba mtu huru ana haki ya kuhama na familia yake. Nilisema ndiyo afande, nikaendelea kuzunguka siku zangu za mapumziko.

Jajja aliachwa. Sikulitarajia hilo, na nadhani yeye hakulitarajia kabisa. Alitokea kituoni mchana mmoja, kwa miguu, kutoka Kamwokya, na kile kifua chake. Alivaa ile gomesi ya zabibu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha matairi akishika ukuta.

"Ameniachia godoro," alisema.

Nilimpa kiti. Alikikataa, akakaa sakafuni, mahali walipokaa watoto.

"Niulize," alisema.

"Nikuulize nini, jajja?"

"Uliloniuliza kule. Lile alilouliza yule kijana mwenye suti. Niulize tena."

Nilikaa sakafuni mbele yake. Nilikuwa na karatasi. Nilimuuliza, kwa maneno yaleyale.

Alijibu kwa sauti kubwa, hata waliokuwa kwenye benchi la nje waligeuka. Alimtaja mwanawe kwa majina yote mawili. Alisema mkono wa mtoto ulishikwa vipi na kwa muda gani, na mtoto alisema nini. Alisema yeye alikuwa upande gani wa pazia. Alisema wimbo aliouimba wakati wa kuosha kidonda, na akauimba kidogo, kwa sababu nilikuwa naandika na alidhani wimbo nao unatakiwa. Alisema, "Nilinyamaza ili tubaki na paa. Paa limekwenda, na mtoto amekwenda." Kisha akabonyeza dole gumba kwenye karatasi, akalitazama lile doa la wino.

"Sasa mnamleta lini?"

Mwendesha mashtaka aliisoma mara mbili, akavua miwani. Hakuna mtoto, hakuna mshitakiwa, shahidi amekwisha kuapa kinyume. Nilijua. Nilimwambia jajja tunatafuta, na ilikuwa kweli, na haikuwa na maana.

Baada ya hapo alikuwa akija. Maama Jovia alikuwa amempa pembe ya chumba chake. Alikaa kwenye benchi la nje, hakusumbua mtu, vijana wakampa chai. Nikitoka aliinua uso kuniuliza kwa macho, nami nilitikisa kichwa, naye aliinama tena. Baadhi yenu mlimwona. Mlidhani ni mama yangu.

Konstebo, swali lako lilikuwa hilo, wangu ni nani. Ni Msema-Upepo. Sijamsamehe, wala si kazi yangu kumsamehe. Lakini katika wabaya wadogo wote niliokutana nao, wa kufunga milango na wa kumulika, huyo peke yake ndiye aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake kusema, hata kama ilikuwa wakati hakuna wa kuokolewa. Kwa watu wazima, ukiacha yule mama wa simu, nilichopata ni hicho tu, na kilichelewa. Baada yake sikuwauliza watoto tena. Niliogopa majibu yao, na niliogopa zaidi swali lao la mwisho.

Jajja alifariki mwaka jana, kwenye ile pembe, kifua kikiwa kimemzidi. Maama Jovia alipika mihogo kwa waombolezaji kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Niliweka askari wawili bila sare njiani kuingia makaburini, kwa kuwa mtoto wa mwisho huja kumzika mama. Niliona haya kuvizia msibani, lakini niliwaweka. Tulimshusha, tukafukia, vijana wakashindilia udongo kwa majembe. Hakuja mtu. Askari wangu wakaja kunipa mkono wa pole kama ndugu wa marehemu, nami nikaupokea.

Sina cha kuwaachia zaidi ya hili. Sanyu sasa atakuwa msichana mkubwa. Ana kovu kwenye kiganja cha kulia, pana, lililonyooka, na anapotazama jua hufumba jicho moja. Anasema Kiswahili cha Kongo na Luganda. Huenda ataletwa kwenu siku moja akiwa mlalamikaji, au shahidi, au na pingu mikononi. Mji huu hauna njia nyingi. Mkimwona, msimuulize chochote kwanza. Msimwambie askari wamekuja. Kaeni chini, mmwambie jajja yake alisema. Mmwambie alisema kwa sauti, na watu wakasikia.